Nyumba ya Mwisho kwenye Bomba

Mtu akiniambia eti boila la Mzee Turgun lilikuwa bovu, namwambia funga mdomo wako. Mimi Mastura nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa mtaa huu, na msimu ule nilimpakata mjukuu wake jikoni kwake huku naiona pumzi ya mtoto ikitoka mdomoni kwa baridi. Ndani ya nyumba, tena mchana! Boila halikuwa na kosa lolote.

Gesi yenyewe ni Turgun aliyetuletea. Enzi hizo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mwenye mabega. Bomba kubwa la serikali lilikuwa limefika hapa mjini kwetu Kokand, likapita ncha zote mbili za mtaa wetu, upande wa soko na upande wa mfereji, na huku ndani tukaambiwa mtajijua. Basi tukafanya msaragambo. Wanaume walisimika nguzo, wanawake tukapika pilau, Turgun akachomelea bomba la njano juu ya malango, nyumba hadi nyumba. Kila mwenye nyumba alimtokea na birika, naye jibu lake lilikuwa moja tu: "Chai baadaye. Washa kwanza tuone."

Sasa sikiliza. Wangeanzia upande wa mfereji, nyumba ya kwanza kupata gesi ingekuwa ya Turgun. Watu walimwambia aanzie huko, kazi si yake? Akakataa katakata. "Watasema Turgun kajipakulia kwanza," akasema. "Mwenye karamu hula mwisho." Akaanzia sokoni, kwa baba wa jirani yetu Hoshim, akamalizia kwake mwenyewe. Tukamsifu sana, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Miaka ikaenda. Mkewe akafariki, mabega yakashuka, mwanawe Sherzod akaenda Urusi kujenga maghorofa ya watu. Nyumbani akabaki mzee na mkamwana wake, Barno, mja mzito. Barno akajifungua binti, wakamwita Humayra, na ndiyo kwanza arobaini ya baridi inaingia, zile siku arobaini kali kuliko zote. Arobaini ya uzazi na arobaini ya baridi zikaangukia nyumba moja. Na kwetu mtoto havushwi kizingiti mpaka arobaini yake iishe, wala chumba chake hakiachwi kipoe. Mzee alikuwa na kazi hiyo moja tu duniani, kumtunzia mjukuu joto, na aliishika kwa mikono miwili.

Ndipo boila likaanza kuzimika. Lilikuwa boila la zamani la kupashia nyumba joto, pipa la chuma limesimama kona ya jikoni, halitaki umeme, linataka gesi na kiberiti tu. Mzee aliliwasha, moto ukasimama vizuri, kisha ukanywea, ukanywea, ukawa kama punje za mchele. Halafu paf! Limezimika.

Alilifungua lote. Kichomeo alikisugua kwa brashi mpaka kila tundu likaonekana. Kile kijiti cha shaba kinachokaa ndani ya moto, ambacho kikipoa hufunga gesi chenyewe ili watu wasife, alikitoa akaweka kipya. Alipanda juu ya paa kwenye theluji, mzee wa umri ule, akashusha tofali kwa kamba ndani ya dohani aone kama kunguru wamejenga humo. Hakuna kitu. Alitoa hewa kwenye mabomba ya ukutani yanayopitisha maji ya moto. Akawasha. Paf.

"Baba, labda limezeeka," Barno akasema, kajifunika mablanketi na mtoto ndani yake.

"Na mimi nimezeeka. Umeniona nikizimika?"

"Asubuhi kabla ya chai unazimika kabisa."

Tulicheka. Bado tulikuwa na cha kuchekea. Mimi nilikuwa nashinda pale, kwa sababu mzazi na mtoto hawaachwi peke yao, na kwangu hapakuwa afadhali. Nyumba yangu ni ya pili kutoka mwisho, nami nilikuwa nimesharudia kuchoma vijiti vikavu vya mipamba kama bibi yangu.

Siku moja mchana, mzee katoka tu kuliwasha, umeme ukakatika. Moto ukapanda. Wallahi ulinguruma! Mabomba ya ukutani yakaanza kugonga kwa joto, Barno akavua koti, akapiga kelele, "Umeliponya, Baba!" Tulimwogesha Humayra kwenye beseni palepale, akanyoosha miguu kwa raha. Mzee alisimama na spana mkononi, anatabasamu, hajui amefanya nini.

Kisha umeme ukarudi. Watoto wa mtaa wakashangilia kama kawaida yao, "Umeruuudi!" Na moto ukanywea. Paf.

Mzee akatazama taa ya darini, akatazama boila. Akageuza ndoo, akaikalia.

"Mastura," akaniambia, "ni pampu."

"Pampu gani, kaka?"

"Wamefunga pampu za umeme kwenye bomba. Wananyonya. Umeme ukiwepo wananyonya, ukikatika gesi inatufikia." Akaiweka spana sakafuni. "Boila ni zima kabisa." Alilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya msiba.

Tulitoka, yeye mbele mimi nyuma. Alipita chini ya bomba lake mwenyewe, akitega sikio kwenye kila lango. Pampu zilikuwa zinavuma kote. Tukafika kwa Hoshim, ambaye siku hizi ana duka la simu, na nyumba ni ileile ya kwanza kabisa.

"Mzee wangu! Karibu, karibu chai!"

"Chai baadaye. Zima pampu."

"Pampu gani, mzee?"

"Hiyo inayovuma nyuma yako."

"Aa, hilo friji."

Nikashindwa kujizuia. "Friji lako siku hizi linakunywa gesi, Hoshim? Huna haya! Mama yako alimpikia pilau mtu huyu!"

Hoshim akainamisha kichwa. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. "Dada Mastura, nina mama mgonjwa ndani. Nikizima mimi, jirani ataendelea kunyonya, nitaganda mimi tu. Wazime wote kwanza. Mimi nitazima wa mwisho, naapa."

"Wa mwisho ni mimi," Mzee Turgun akasema.

Nyumba zote zilijibu hivyohivyo. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na kila mmoja alimtia mzee mkate mkononi kabla hajaondoka, maana aibu waliijua. Tulirudi na mikate ya tanuri tumeikumbatia kifuani. Na baada ya hapo wakazidisha ukarimu, wakaleta supu, asali, soksi za sufu, blanketi. Walituletea kila kitu isipokuwa moto wetu. Wanasema wema hauozi. Ni kweli, hauozi, unaganda! Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuletei supu.

Sherzod akapiga simu. "Baba, nunua na wewe pampu. Unaona aibu ya nini?"

"Bomba hili nimelichomelea kwa mkono wangu. Nilinyonye tena?"

"Baba, mtoto wangu huyo."

Hilo likammaliza. Akaenda sokoni, akarudi na pampu kaificha ndani ya koti. Aliifunga akiwa amelipa lango mgongo, akaiwasha. Ikalia kilio kikavu, na moto haukupanda hata kidogo. Wote waliomtangulia walikuwa wamekwisha kunyonya, pale mwisho hapakuwa na cha kunyonywa. Akaifungua, akaisukuma chini ya kitanda, na siku ile hakunitazama usoni.

Humayra akaanza kukohoa. Kikohozi chenyewe kidogo tu, lakini kifua kikawa kinakoroma. Mama yake Barno akaja na gari kutoka Fergana, kule wanakokaa ghorofani, joto linatoka kwenye mtambo wa mji.

"Mkwe," akasema, hata buti hakuvua, "sina ugomvi na wewe. Nimekuja kuwachukua."

"Arobaini haijaisha."

"Ataimalizia penye joto. Au unataka aimalizie kaburini?"

Mzee akaenda kona kule akapiga goti mbele ya boila, akageuza kitufe, akawasha kiberiti, kana kwamba safari hii litamsikia. Zikatokea punje za mchele. Barno alikuwa analia kimyakimya huku anafunga nepi kwenye shuka.

Kwetu anayesafiri huuma mkate, na mkate ule hutundikwa mpaka arudi aumalizie. Mzee akaleta mkate, Barno akauma. Mtoto hana meno, kwa hiyo mzee akaugusisha mkate mdomoni mwake taratibu, akautundika kwenye msumari juu ya boila.

"Nitarudi naye, Baba," Barno akasema. "Baridi ikiisha."

"Haya, binti yangu. Mfunike kichwa."

Gari likaondoka. Sisi wawili tukabaki jikoni, mzee kaikalia ndoo yake, ameziwasha tena zile punje za moto. Nikashika ufagio nifagie sakafu iliyokuwa safi.

Taa ikazimika. Umeme umekatika mtaa mzima.

Moto ukanguruma. Ukajaa boila zima, wa bluu, mrefu, na mabomba yakaanza kugonga. Mzee Turgun aliruka kutoka kwenye ndoo. Akatoka mbio na kandambili, bila kofia, theluji inafika kwenye vifundo vya miguu, anapunga mikono, anapaza sauti: "Limewaka! Mrudisheni! Barno, limewaka!" Nikamkimbilia na koti lake. Gari lilikuwa linakata kona pale kwenye mfereji. Nadhani hawakumsikia. Alikimbia mpaka mwisho wa ukuta wake, akasimama, kifua kinapanda na kushuka, macho kwenye ile kona.

"Kaka, vaa koti," nikamwambia.

"Chumba kitakuwa kimepata joto saa hizi," akasema. "Wangengoja kidogo tu."

Kabla sijamjibu, upande wa soko watoto wakaanza. "Umeruuudi!" Kelele zikaja nyumba kwa nyumba, wakubwa nao wakapiga makofi, mtaa mzima unafurahi, mpaka zikatufikia pale mwisho. Nyuma yetu, kupitia mlango alioacha wazi, nikasikia paf. Mzee Turgun hakugeuka.