Jiwe Alilorudisha Zasievi

Shemeji yangu Zasievi, mume wa dada yangu, alikuwa na sauti ambayo nadhani mbwa wa kijiji chetu waliitumia kujifunzia kubweka. Nasema hivi nikimpenda. Alikunywa pombe ya mchele kabla ya chai ya asubuhi, alizozana na kila aliyepakana naye, na Jumapili alilala kwenye benchi la nyuma mpaka wimbo wa mwisho. Mkristo alikuwa, kama sisi sote huku kwenye milima ya kabila letu la Wanaga, maana babu zetu walibatizwa zamani. Ila maji yale kwake yaliishia kwenye ngozi.

Alipokuwa na miaka thelathini aligombania mpaka na jirani yake, Kelhouzo. Mashamba yetu ya mpunga yanashuka mlimani ngazi kwa ngazi, na anayemiliki mdomo wa maji, pale mfereji unapoingilia, ndiye anayevuna. Walio chini yake husubiri fadhila zake. Kila mmoja alidai mdomo wa maji ni wake, na jiwe la mpaka, wazee walipokwenda kulitazama, lilikuwa limesimama kwa faida ya Zasievi. Kelhouzo akasema jiwe limehamishwa. Basi ikaamuliwa kwa desturi: wote wawili watie udongo wa shamba lile mdomoni na kuapa mbele ya koo zao, na mwongo atajulikana kwa kifo kabla mwaka haujaisha. Kwetu kiapo hicho si mchezo. Wapo walioacha mashamba yao yakaenda kuliko kukiapa.

Hawa wawili waliapa. Mwezi wa nne baada ya kiapo Kelhouzo akashikwa na homa, akafa.

"Ardhi imesema," watu wakatamka, na kesi ikaishia hapo. Mjane wake, Vikhonuo, alibaki na mashamba yenye kiu na jina la mke wa mwongo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuja kanisani mapema na kuketi peke yake kwenye benchi ambalo watu walilizoea kuwa tupu. Na mimi, Mungu anisamehe, kila mavuno nilikula wali wa shamba lile kwa dada yangu na kuomba sahani ya pili.

Mwaka juzi kanisa lilipiga kura kugawana wajane wa kupelekewa kuni za majira ya baridi. Zasievi akaangukia kwa Vikhonuo. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

"Shemeji, vaa sufuria kichwani," nilimwambia. "Yule mama atakupokea na mwichi."

"Kura hiyo imepigwa na mlevi," alinguruma, naye ndiye aliyekuwa ananuka pombe.

Akabeba kuni kwenye kapu la mgongoni, mkanda kipajini, akitukana njia nzima. Alinisimulia baadaye kilichompata. Mama yule alimkalisha karibu na meko, akampa chai na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, kisha akafumba macho akamwombea. "Bwana, mbariki Zasievi na mashamba yake. Maji yasimkaukie." Hakuwa anamkejeli. Hivyo ndivyo alivyomwombea kila aliyeingia nyumbani mwake. Zasievi alijimwagia nusu ya chai mapajani na hakusikia moto.

Alirudi nyumbani, akapiga magoti mbele ya mke wake na kusema yote. Mwaka ule wa kesi, siku moja kabla ya wazee kuja kukagua, alikuwa amelisogeza jiwe kwa mikono yake. Dada yangu alilia, kisha akamshika mkono wakasali pamoja. Tangu hapo mtu yule hakuwa yule. Chungu cha pombe akakitia machipukizi ya mianzi. Akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Mimi aliniomba radhi kwa nguruwe niliyekuwa sijajua kwamba aliibwa. Akajiunga na kwaya, akaimba vibaya, kwa furaha. Watu wakamtania: "Wokovu wa Krismasi huo, nyama ikiisha nao unaisha." Krismasi ikapita, nyama ikaisha, na Zasievi akabaki vilevile. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri.

Lilibaki jiwe. Mchungaji wetu, kijana mpole asiyependa kelele, alimwambia Mungu ameshamsamehe, ya nini kuchokoa kidonda?

"Mungu amenisamehe, mchungaji," alijibu. "Ila Vikhonuo hajaambiwa."

Kaka yake mkubwa, Neilhoulie, ndiye mkuu wa ukoo wao na mmoja wa wazee wa kijiji wanaovaa shali nyekundu. Huyo hakuwa mpole. Alikuja kwa dada yangu mchana nikiwepo, akakataa chai.

"Wewe una wazimu? Ukoo mzima uliapa nyuma yako. Unajua adhabu ya aliyeapa uongo. Miaka saba nje ya kijiji. Mkeo, wanao, wote!"

"Naijua, kaka."

"Na kesi ya kiapo haifunguliwi ila kwa kiapo. Utaapa tena?"

"Siapi. Kiapo changu mnakijua thamani yake."

Nilicheka peke yangu, nikanyamaza Neilhoulie aliponitazama.

"Basi ushahidi huna," alisema, na nikaona amepumua.

"Ninao. Wazee wa zamani walizika makaa chini ya kila jiwe la mpaka, ila mwaka ule tulikimbilia kiapo, hakuna aliyechimba. Makaa hayaozi. Nitachimba pale lilipokuwa."

Mwishoni mwa Januari, mashamba yakiwa makavu, kijiji kizima kilijipanga kwenye kingo za ngazi kama kwenye mechi ya mieleka. Vikhonuo alisimama mbali kidogo, shali imefungwa kifuani. Zasievi aling'oa jiwe lile peke yake, akalibeba kwa mkanda wa kipajini, akalitua ndani ya shamba lake zuri kuliko yote. Akaanza kuchimba.

Shimo la kwanza, udongo mtupu. La pili, udongo. La tatu alilichimba mpaka kiunoni, na hapakuwa na hata chembe nyeusi. Miaka ishirini na miwili ya majembe na nyati wa kulimia ilikuwa imebadilisha sura ya mahali pale.

"Yatosha!" Neilhoulie alipaza sauti. "Hakuna makaa, hakuna kosa. Rudisha jiwe, twende tukale."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Shamba lake, nyumba yake, jina la ukoo, vyote angeondoka navyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Nakiri nilimwombea apite mlango huo, maana dada yangu alikuwa amesimama hapo na watoto. Zasievi alijipangusa uso.

"Makaa yasiponishitaki nitajishitaki mwenyewe," alisema. Akalisukuma jiwe mbele zaidi, ndani ya ardhi yake, kupita mashimo yote matatu. "Liwe hapa. Nikikosea, afadhali nikosee upande huu."

Ndipo Vikhonuo alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Si hapo. Rudi hatua mbili."

"Mama?"

"Rudi nyuma hatua mbili, kushoto kwa shimo lako la mwisho. Hapo ulipo ni pako. Cha mtu sikitaki."

Alirudi hatua mbili. Akainua jembe kulichimbia jiwe makao, na pigo la tatu likatoka na makaa, meusi na makavu kana kwamba yamezimwa jana. Mke wa mwongo alikuwa amejua mahali penyewe miaka yote hiyo, na amekataa hatua mbili zisizo zake.

Zasievi alipiga magoti kwenye udongo. "Mimi ndiye niliyeapa uongo," alisema. "Kelhouzo alisema kweli."

Neilhoulie alivua shali yake nyekundu. "Desturi ni desturi," alisema kwa sauti ndogo. "Miaka saba. Isipokuwa aliyedhulumiwa aseme vingine."

Wote tukamgeukia Vikhonuo. Akamtazama shemeji yangu kama mtu anayepima kuni.

"Akiondoka, majira ya baridi nani ataniletea kuni? Huyu hapa?" Alinionyesha mimi, na watu wakaangua kicheko. "Abaki. Asimike jiwe, anifungulie maji." Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini lile neno ulilosema, Zasievi, lirudie. Wale wa ngazi za juu hawakusikia."

Zasievi alisimama. Akageukia mlima, akatoa sauti ile ile iliyowafundisha mbwa kubweka.

"Kelhouzo alisema kweli!"

"Tena," alisema Vikhonuo, machozi yakimtiririka, na safari hii tulipaza sauti wote pamoja na Zasievi.