Seli Zilizomzuia Binti Yangu Kuja Kuzika

Mimi niliishia darasa la nne. Viazi vya Isongole ndivyo vilivyonijengea nyumba hapa Bulyaga, na viazi hivyo hivyo vikamsomesha binti yangu mpaka akaenda Afrika Kusini kufanya kazi ya maabara. Kwa hiyo mtu asiniambie sielewi. Haya alinieleza mwenyewe, nikayaelewa, na bado yananichoma.

Kazi yake ni plasmidi. Ni vijiduara vya DNA, vidogo mno, vilivyobeba maelekezo. Anaviingiza kwenye seli za binadamu zinazokuzwa katika visahani, na seli inatii: inatengeneza kimeng'enya anachokitafuta, kikiwa kimeshikamana na protini inayong'aa kijani. Bila hiyo protini hakionekani. Ni kama sisi tunavyomfungia ng'ombe kengele siku za ukungu, ujue amekwenda wapi. Hicho anachokifuata yeye ndicho kinachopeleka amri ya kukua ndani ya seli. Kikikosa adabu, seli zinakua bila kukoma. Ndiyo saratani. Ndiyo iliyomla mama yake.

Siku mama yake alipokata roho nilimpigia simu. Nikamwambia wazee wamekubali kusubiri, mwili uko mochwari, panda ndege uje.

"Baba, seli nimezipa plasmidi jana. Zinang'aa siku mbili tatu tu, halafu basi. Na zamu yangu ya darubini ni kesho."

"Mama yako amekufa, mwanangu."

"Najua, baba. Zikeni. Nitakuja."

Tukazika, migombani nyuma ya nyumba.

Alikuja matanga yameshaisha. Kwetu aliyekosa mazishi huanza kulia tangu njiani, majirani wasikie, watoke, wamsindikize hadi kaburini. Yeye alishuka kwenye bodaboda kimya, akaingia. Dada yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, akamdaka mlangoni: "Sauti umeiacha huko? Au nayo umeigandisha huko maabara?"

Akampita. Akaketi karibu yangu, akafungua simu. Nikaona kijani kinasogea gizani, kinakimbilia ukingoni mwa seli.

"Ona, tata," akasema, akiniita kwa Kinyakyusa kama alipokuwa mdogo. "Nilipozipa seli dawa ya kuziamsha tu, kimeng'enya kikakimbia. Ndicho hicho kilichomuua mama."

"Hizo plasmidi unaziweka wapi?"

"Kwenye friza."

"Zinakaa?"

"Miaka, baba."

"Basi zingesubiri."

"Plasmidi zingesubiri. Ila seli nilikuwa nimeshazipa."

"Ungezipa nyingine. Mama yako nimzike mara ya pili?"

Akainuka, akaenda kaburini peke yake. Majirani walikuwa wamesimama vibarazani mwao wakisikiliza. Sauti haikutoka. Kesho yake akaondoka.

Ile video alinitumia, ninayo. Watu wakiniuliza binti yako anafanya nini huko, ninawaonyesha. Ninawaeleza habari ya kengele na ukungu, nao wanashangaa mzee wa viazi kayajulia wapi mambo haya. Ninajisikia mtu.

Akipiga yeye, ninampa shangazi yake simu.