Kinga Mpaka Sasa

Watoto wa mtaa wetu walimwita Mbu, na yeye aliitika. Jina lilimkaa: mwembamba, miguu mirefu, na akibisha hodi kwako ujue anataka damu.

Alikuwa mtu wa maabara ya zahanati. Miaka ishirini alikaa kwenye kiti kimoja, jicho kwenye hadubini, akitafuta wadudu wa malaria ndani ya matone ya damu. Macho yalipoanza kuchoka wakubwa wakampa kazi ya miguu. Ilikuwa imeletwa chanjo mpya ya malaria ya majaribio, watoto arobaini wa mtaa wetu wakachanjwa, na akahitajika mtu wa kuwafuata nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi mitatu, kuona kinga itadumu muda gani.

"Wadudu walikuwa na adabu," aliniambia siku moja akifuta jasho. "Ukiwaweka kwenye kioo wanatulia. Hawa watoto wenu wanaingia uvunguni."

Wangu hakuingia uvunguni. Ni binti, na wote wanamwita Kifungo, kwa sababu uchungu ulinishika nikishonea vifungo sare za shule, na nilipomaliza kujifungua nikakuta kimoja bado nimekikamata kiganjani. Mbu akifika humuuliza, "Kifungo cha miaka mingapi?" Mume wangu akiwepo hujibia kutoka ndani, "Cha maisha!" Wanacheka wawili hao kama ndiyo mara ya kwanza.

Utaratibu wake haukubadilika. Anavua viatu nje. Ananawa, ananiomba maji ya vuguvugu, anautumbukiza mkono wa mtoto humo mpaka upate joto. "Mkono wa baridi hautoi damu, unatoa kilio," husema. Kidole cha pete, tone moja kwenye kioo, mengine kwenye kichupa, pamba. Kisha anamsimamisha mtoto kwenye fremu ya mlango, anamwekea daftari kichwani, anachora mstari kwa penseli na kuandika tarehe. Urefu nao walitaka kuujua. Mwenye nyumba alinuna kwa mstari wa kwanza. Kufikia wa tatu alikuwa anakuja mwenyewe kuangalia Kifungo amefika wapi.

Shida ilianzia kwenye ubao wa zahanati. Kuna mtaa wa bondeni ambako watoto walichanjwa miezi mitatu kabla ya wetu. Vipimo vyao viliporudi, ubaoni pakaandikwa kwa chaki: CHANJO MPYA. KINGA MPAKA SASA: MIEZI 18.

Jirani yangu Mama Pacha ndiye aliyeniletea habari, mikono bado ina povu la sabuni.

"Mwenzangu, umesoma? Mpaka ni miezi kumi na minane."

"Labda walimaanisha…"

"Mpaka ni mpaka. Ukiuvuka uko nchi nyingine."

Nilisoma hadi darasa la saba na kusoma najua. Nikaenda na ndoo yangu, nikasimama mbele ya ubao, nikasoma mara mbili. Nami nikaona kama alivyoona yeye.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Nilipomweleza hakuacha hata kula. "Hiyo ni waranti. Mimi geti naliwekea miezi sita. Ukija mwezi wa saba bawaba imekatika, hunijui sikujui. Sasa kama muda wao umekwisha, damu ya mtoto wanaitakia nini tena? Mwambie huyo Mbu wako imetosha."

Si sisi peke yetu. Waliofikisha muda waliona hakuna haja ya kutobolewa tena. Ambao bado, wakajiachia. Mama Pacha alikata chandarua cha wanawe akafunikia miche ya mboga, kuku wasiile. "Nina wiki tano za waranti," aliniambia, "acha miche nayo ilale salama."

Mimi nilihesabu siku. Kifungo angetimiza miezi kumi na minane tangu sindano ya mwisho siku ya Jumatano. Mvua zilikuwa zimeanza, maji yamesimama nyuma ya choo, na kila nikichomeka chandarua chini ya godoro nilijiambia kwamba Alhamisi mtoto wangu ataamka hana kitu mwilini. Mtoto yule yule, nguo zile zile, ila hana kitu. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na mwenye neno alishaandika ubaoni?

Jumatatu ya wiki hiyo Mbu akaja. Nilimsikia tangu nyumba ya kwanza ya safu yetu. "Hodi!" Kimya. Nyumba ya pili, "Hodi wenyewe!" Kimya. Kwa Mama Pacha harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilitoka hadi nje, lakini mlango haukuitika. Alipofika kwangu hakuvua viatu. Aliigeuza ndoo yangu akaikalia.

"Mama Kifungo, mtaa umehama?"

"Upo."

"Basi nimewakosea nini?"

Nikaona aibu kumficha. "Baba Kifungo amesema imetosha. Usinielewe vibaya, kaka."

Alitikisa kichwa polepole. "Kati ya arobaini, leo nimepata tisa. Kwa watoto tisa siwezi kusema neno. Nitaulizwa chanjo inadumu muda gani, nitajibu sijui, na watoto wote watakaokuja nyuma ya hawa watachanjwa kwa sijui hiyo hiyo."

"Lakini si mnajua? Inaisha Jumatano."

"Nini inaisha Jumatano?"

"Kinga ya Kifungo. Mmeandika wenyewe. Mpaka, miezi kumi na minane."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa amevaa shati kinyume tangu asubuhi. "Nani kasema inaisha? Tumeandika mpaka sasa. Maana yake… yaani, mpaka sasa…" Akauangalia mkono wake wa kulia. "Mimi ndiye niliyeandika. Chaki niliishika mimi."

Wakati huo Kifungo alikuwa ameshajipanga kwenye fremu, sufuria dogo kichwani badala ya daftari. "Mjomba Mbu, nipime!" Nikamtazama. Mistari mitano ilipanda mlangoni, na kichwa chake kilikuwa kimeupita wa tano kwa upana wa kidole.

"Kumbe ni kama huo mstari," nikasema.

"Upi?"

"Wa juu. Huo ndio urefu wake mpaka sasa. Si kwamba ameishia hapo. Ndipo ulipompima mara ya mwisho."

Alijipiga paja. "Mama, wewe ungekuwa na chaki siku ile!" Halafu uso ukarudi kuwa wa kazi. "Ila nisikudanganye. Urefu haurudi chini. Kinga inaweza kurudi. Inawezekana imeshaanza kupungua hata sasa hivi."

"Itaisha lini?"

"Sijui. Ndiyo maana nabisha hodi."

Nimehudumiwa na watu wengi wa makoti meupe, wote wepesi wa kujibu. Huyu alisema sijui akinitazama usoni, na ndipo hofu yangu ya Alhamisi ilipolegea. Jumatano haikuwa ukuta. Ilikuwa siku ya kuangalia tena, na chandarua juu.

Mume wangu akatokea kuja kula mchana, miwani ya kuchomelea bado ipo kwenye paji la uso. Alimwona Mbu, akaiona na ndoo.

"Nilisema imetosha."

"Nimesikia, fundi. Mkeo amenifikishia."

"Fundi asiyejua kazi yake itadumu muda gani ni fundi gani?"

Mbu hakukasirika. "Geti la zahanati ulichomelea wewe. Litadumu miaka mingapi?"

"Mingi."

"Nitajie namba nikaandike ubaoni."

"Inategemea na kutu. Inategemea na hao wanaolifunga kwa teke."

"Sasa utajuaje?"

"Si huwa napita pale naliangalia…"

"Unaliangalia," Mbu akasema. "Nami namwangalia huyu."

Mume wangu alijikuna shingo. "Huyu mbu anang'ata hata mchana."

"Na karatasi ya ridhaa ina saini yangu, Baba Kifungo," nikasema mimi, kwa upole, maana alikuwa na njaa. "Maji ya vuguvugu yako tayari."

Alisogea kuwapisha. Mbu akavua viatu. Mstari wa sita ukachorwa siku hiyo.

Kesho yake tulienda zahanati, mimi na Kifungo. Mbu akafuta ubao kwa kitambaa chenye maji, akanipa chaki. Nilikataa, akasema mwandiko wake umeshafanya kazi ya kutosha. Nikaandika: TUMEWAPIMA KWA MIEZI 18. KINGA BADO IPO. ITADUMU MUDA GANI HATUJAJUA, TUNAENDELEA KUPIMA. CHANDARUA USIACHE.

Mama Pacha alikuja akasoma, mikono kiunoni.

"Sasa hii si ndiyo lugha? Ile ya kwanza ilikuwa ya nani?"

"Ya Mbu."

"Ndiyo maana ilituuma."

Jioni alinipa chandarua chake nikishone. Kilikuwa na udongo na majani mawili ya mboga.

Hawakurudi wote. Walirudi thelathini na mmoja. Wengine walikuwa wamehama, wengine walishapoteza imani, na imani haishonwi kama chandarua. Mbu aliendelea kupita, hodi, maji ya vuguvugu, pamba, mlango.

Karibu na mstari wa tisa Kifungo alichemka. Nilimbeba hadi zahanati. Mbu alimtoboa, akavaa miwani, akamwomba kijana wa maabara ampishe kwenye kiti chake cha zamani. Alikaa pale muda mrefu, mgongo umepinda. Mimi niliangalia kisigino cha soksi yake kilichotoboka, kwa kuwa usoni nisingeweza.

"Wapo," alisema. "Wachache sana."

Nilimeza dawa zile kwa macho kabla mtoto hajazimeza kwa mdomo. Siku tatu, na ya tatu alikuwa anagombania kamba ya kuruka. Watoto wawili wa nyumba ya nyuma, ambao hawakuwahi kuchanjwa, walilazwa mvua hizo hizo. Mbu hakutamba. Aliandika daftarini mbele ya namba ya Kifungo, akanigeuzia nisome: Kinga imeshuka. Haijaisha. Nilisoma mara moja tu, nikaelewa.

Baadaye wakubwa wakaamua wanetu wapewe sindano ya nyongeza. Mbu anastaafu mwaka huu, na daftari atampa mwingine.

"Utaondoka hujajua mwisho?" nilimuuliza.

"Nitapita mlangoni kwako kuuliza. Bila sindano."

Wiki iliyopita ilikuwa miezi thelathini. Kifungo alichomwa sindano ya nyongeza, akalia kidogo kwa heshima ya sindano, akaenda mwenyewe kusimama kwenye fremu. Mstari wa kumi umefika usawa wa komeo. Mbu akarudisha penseli mfukoni, akauliza swali lake:

"Kifungo cha miaka mingapi?"

Nikamsubiri baba yake ajibu kutoka ndani, lakini mtoto alimtangulia.

"Bado tunapima," akasema, akatoka kwenda kucheza.