Nilivyokataa kusimama kwa nyayo za chokaa, range ya Nakuru

Wakuu, hamjambo. Mimi ni mzee wa karibu miaka tisini, mjukuu ndiye ananitypia. Nawapa vile ilikuwa, na mwenye hataki kuamini apite tu.

Nasikia vijana hapa mkibishana ati kulenga bastola ni mkono. Mkono kitu gani! Bastola ni miguu.

Miaka ya hamsini nilikuwa konstebo Nakuru. Bibi yangu Rebeka alikuwa kwa wazazi wangu Njoro, kwa sababu kambini nyumba ya kukaa na familia walipewa tu koplo kwenda juu. Kupata utepe wa koplo, lazima upite mtihani wa bastola.

Kwa hivyo kwangu mtihani ulikuwa ni Rebeka, basi.

Mwalimu wetu, mzungu mmoja mrefu, alichora nyayo mbili za chokaa kwa simiti ya range, pale tulipofanyia mazoezi ya shabaha. Miguu yake mwenyewe! Mfupi, mnene, mwenye matege, wote wakanyage hapo hapo.

Mimi, ng'ombe alinivunja mguu wa kushoto nikiwa mtoto, ukapona umepinda. Nikisimama kwa chokaa, risasi zote zinaenda kando. Mwalimu akasema juu yetu makonstebo, "Hawa wapewe rungu tu."

Hiyo ilinichoma roho, siwadanganyi.

Nikaanza kujifundisha peke yangu, bila bastola. Funga macho, inua mkono polepole, fungua. Mkono uko kando ya target? Usiuvute, utachoka na utarudi kule kule. Sogeza mguu wa nyuma kidogo, urudie, mpaka ukifungua macho uko katikati.

Siku ya mtihani nikatoka kwa chokaa nusu hatua.

"Rudi hapo!"

"Afande, hizo ni zako. Mimi niko na zangu."

Wueh! Sajini wetu akageuka akaangalia ukuta.

Nikapiga sita. Zote ndani ya duara nyeusi. Sajini akaenda kuzihesabu kwa sauti, mara mbili, mwalimu asikie vizuri.

Nikaandikwa nimefeli, mkaidi. Utepe hakuna, nyumba hakuna. Na adhabu juu yake: nipake zile nyayo chokaa upya kabla squad ingine ije.

Nikapaka, bana. Nikapaka simiti yote, ukuta hadi ukuta, nyeupe pe.

"Nyayo ziko wapi?"

"Ziko hapo ndani, afande."

Squad ingine ikaja ikasimama vile kila mtu alizaliwa, na wengi wakapita. Ati mwalimu akasifiwa!

Nikaenda Njoro nikiogopa kumwambia Rebeka. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza, "Na ulirudi kwa chokaa?"

"Sikurudi."

"Basi hiyo nyumba tutajijengea."

Funzo ni hili: panga miguu yako mwenyewe kabla ya kulaumu mkono, na usikubali kupangiwa. Wabishi, simameni sasa hivi, fungeni macho, inueni mkono, mfungue. Mkuje hapa mseme mmeona nini.

Mimi niko tu hapa Njoro, kwa ile nyumba tulijenga.