Patasi za Baba Mwende Ziko Darasani Kwangu

Admin, tafadhali ficha jina langu. Mimi ni mwalimu wa kike, miaka thelathini na sita, nafundisha shule moja huku mtaa wa Mowlem, Nairobi.

Muhula uliopita mwalimu mkuu alinipa stoo ya madawati mabovu niigeuze iwe chumba cha wanafunzi kuunda vitu kwa mikono yao. Vifaa vya kununua hakuna, kwa hivyo nikawa mwombaji. Redio zilizokufa, waya, mbao za makreti kutoka soko la Muthurwa, vyombo vya fundi yeyote asiyevitumia. Nilizunguka mpaka watu wakaanza kunikwepa.

Ndipo Mama Mwende, mama wa mwanafunzi wangu wa gredi ya saba, akaniletea sanduku. Ndani, vyombo vya kuchongea mbao: patasi kumi na nne, randa mbili na tezo, zote zimenolewa. Ni za mumewe, mchonga vinyago. Kiharusi kilimlemaza mkono wa kulia.

"Anaziangalia siku nzima akilia, mwalimu. Nimechoka. Chukua, lakini asijue ni mimi." Nilifurahi sana, nikamwahidi bila hata kufikiria.

Jumanne ya wiki iliyopita Baba Mwende akaja shuleni akiburuta mguu. "Mwalimu, nasikia unakusanya vyombo. Sanduku langu limeibwa. Hujaletewa?"

Jamani, nilisema, "Hapana, mzee." Tulikuwa tumesimama nje ya mlango wa kile chumba.

Akaitikia kwa kichwa. "Basi aliyeiba ni ndugu yangu mdogo tu. Tulikuwa tunaishi naye, nimeshamfukuza. Inaniuma, maana nimeanza kuzoea mkono wa kushoto. Ningezipata patasi zangu, ningekuja kuwafundisha hawa watoto wako."

Nilimpigia Mama Mwende simu nikamweleza. Akalia. "Ukisema, ndoa yangu imekwisha. Uliniahidi!" Nikamuuliza, na shemeji yako aliyefukuzwa? Akakata simu.

Nimefikiria kulirudisha sanduku kimyakimya, nimwambie mzee limeokotwa mahali. Lakini huo ni uongo mwingine, na Mwende mwenyewe amezitumia hizo patasi darasani. Nadhani alizitambua, maana siku hizi haniangalii usoni.

Ijumaa wazazi wote wamealikwa kuja kuona chumba. Baba Mwende ameshatuma ujumbe kwamba atafika mapema, apate kukaa mbele.

Ndugu zangu, nimebakiwa na siku mbili. Niongee na nani kwanza, mke au mume? Na nikifungua mdomo, nianze na neno gani?