Kadi Mbili za Kumtafutia Mtoto Jina

Mama yangu alikuwa na mazoea ya kumsalimia mwanamke wa kadi ya simu. Sisi wengine tulimsikiliza tu, tukabonyeza anachotuambia, basi. Mama alingoja amalize kusema karibu, kisha akamwuliza habari za kanisani, za nyumbani na za watoto. Mwanamke huyo, ambaye alikuwa sauti iliyorekodiwa, alirudia kwa upole uleule: tafadhali bonyeza nambari ya siri ya kadi yako. Mama alinigeukia akasema huyu ana haraka, lakini amelelewa vizuri.

Nilimweleza mara nyingi kwamba ile ni mashine. Alinijibu kwamba mashine haina koo, hiyo sauti ilitoka kwa mtoto wa watu, na yeye hawezi kupita mlangoni kwa mtu bila kubisha. Nikambonyezea nambari. Mimi sina subira na sijawahi kudai ninayo, lakini kwa mama yangu nilijua mahali pa kukomea.

Siku hizi mtoto wa dada yangu hunipigia kwa video nikiwa sokoni Gikomba nafungua bale la mitumba, ananionyesha viatu vyake vipya, na hakuna anayewaza habari ya dakika. Wakati ninaousimulia haukuwa hivyo. Kupiga simu Uingereza moja kwa moja kutoka nyumbani kulikuwa kujitafutia njaa, kwa hiyo Eastlands nzima ilitumia kadi. Uliinunua dukani pale sokoni Jericho, ukaikwangua kwa sarafu, ukapiga nambari ya hapa hapa Nairobi. Mwanamke wa kadi alikupokea, ukabonyeza nambari ya siri ndefu kama treni, halafu ndipo ukabonyeza ya yule unayemtaka. Ukikosea tarakimu moja, mnaanza upya, pamoja na salamu za mama.

Urahisi wa bei ulikuwa na kasoro yake. Neno lako lilifika kule baada ya muda wa kumeza mate, na jibu likachukua muda kama huo kurudi. Wasiojua walisema wote kwa pamoja, kisha wote wakanyamaza, kisha wote wakaanza tena. Sisi tulishazoea. Ukisema kitu, unameza mate, unangoja.

Dada yangu mkubwa alikuwa Uingereza akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliolewa huko, akajifungua mtoto wa kiume, na yeye na mumewe wakampa jina walilolipenda mlio wake tu. Alipotuambia, mama alisema, "Sawa." Hiyo sawa yake ilikuwa fupi sana, na dada aliijua vizuri kama mimi.

Mtoto akaanza kulia. Alilia wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walimpeleka kliniki mara mbili, akapimwa kila kitu, wakaambiwa uzito ni mzuri, hana ugonjwa wowote, itapita. Haikupita. Jumamosi moja dada alitupigia mwenyewe, sauti imemkauka. Hakuwa na salamu.

"Mama, nimeshindwa," alisema. "Leo nimemweka kitandani nikatoka nje, nikasimama kwenye baridi. Nimeogopa kurudi ndani."

Nilikuwa nimeegemea mlango. Niliona mama akiishika meza. Tangu mtoto azaliwe alikuwa akisema angekuwa huko angembeba yeye, dada alale hata saa moja, na kila akisema hivyo nilikasirika kwa sababu hatukuwa na namna ya kumfikisha. Siku hiyo sikukasirika, niliogopa. Mama alimwambia dada amwite mumewe akae na mtoto, yeye apumzike, na kesho tukitoka kanisani tutampigia. "Mtoto anatafuta jina lake," alisema.

Kwetu magharibi mwa Kenya ni jambo la kawaida. Mtoto akilia bila sababu, bibi hutaja majina ya waliotangulia, moja moja. Likifika lake, ananyamaza. Dada alilicheka jambo hilo tangu akiwa msichana. Siku hiyo hakucheka. Alisema tu, "Basi pigeni simu mapema, Mama."

Jumapili nilipitia dukani na kununua kadi mbili. Mwenye duka aliniuliza kwa utani, "Niaje siste, leo ni mkutano wa hadhara ama?" Nikamwambia ni harusi, maana maelezo yenyewe yangetuweka hapo mpaka jioni. Nilimkuta mama ameketi mbele ya simu, bado amevaa nguo ya kanisani na kitambaa kichwani. Simu yetu ilikaa kwenye stuli, imefunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba nayo inasikia baridi. Mama aliisalimia kadi, mimi nikabonyeza, nikawasha spika. Kule dada akaiweka simu yake karibu na mtoto, na kilio kikajaa vyumba vyetu viwili. Jirani alichungulia akauliza ni mtoto wa nani analia hivyo. Nikamwambia yuko Uingereza. Akanitazama kidogo, akarudi kwake.

Mama akaanza. Alitaja jina la baba yake mkubwa, aliyekuwa fundi wa baiskeli. Lakini hakulitaja tu. Alimweleza mjukuu wake kwamba huyo mzee aliziba pancha za lokesheni nzima, kwamba alipenda samaki, kwamba hakuwahi kumpiga mtoto. Akameza mate, akangoja. Kilio kiliendelea. Akaja kwa ndugu wa babu, aliyekuwa mwimbaji, akasimulia na nyimbo. Nikamwonyesha saa. Akaja kwa binamu, akaanza na mama yake binamu.

"Mama, taja jina tu," nikasema. "Kadi inaisha."

"Unataka niwaite watu kama karani?"

"Nataka ufike mwisho."

Akanikata jicho. Kisha, kwa hasira, akataja majina matatu kwa pumzi moja. Papo hapo mwanamke wa kadi akaingia kutuarifu kwamba tumebakiwa na dakika moja. Na mtoto akanyamaza.

Tulitazamana. Dada akauliza kutoka mbali ni lipi hilo, ni lipi lililomnyamazisha. Hakuna aliyejua. Kwa ule ucheleweshaji wa sauti, lingeweza kuwa lolote kati ya yale matatu. Kosa lilikuwa langu na nilijua. Mama alikuwa amekunja uso akifikiri.

"Kumbe ni huyu mama wa kadi," akasema hatimaye, bila mzaha. "Anaitwa nani?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Muda wa kumeza mate ukapita, halafu nikasikia dada naye anacheka, kicheko kibovu kilichochanganyika na machozi, lakini kicheko. Nilikuwa sijakisikia tangu ajifungue. Mtoto hakufurahishwa, akaanza upya kwa nguvu zaidi, na kadi ikaisha katikati ya kilio.

Nikakwangua ya pili. Nilimwomba mama msamaha, nikavua saa nikaitia mfukoni. Safari hii alikwenda polepole, jina moja na kungoja, jina moja na kungoja. Alirudia yale matatu aliyoyaharakisha. Akaenda upande wa mama yake, akaenda mpaka kwa watu ambao mimi sikuwahi kuwasikia. Mtoto alilia tu. Dada sasa alikuwa kimya, na ukimya wake ulinitia hofu kuliko kilio.

Kisha mama akasimama. Nikajua ni nani aliyebaki.

Baba alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Alifanya kazi kiwandani maisha yake yote, na katika maisha hayo yote sikumsikia mama akimwita kwa jina hata mara moja. Alimwita kwa jina la dada, baba wa fulani, kama wake wengi wa kwetu wanavyowaita waume zao. Jina lake halisi lilikuwa kwenye stakabadhi za mshahara, na mwisho likawa kwenye karatasi ya mazishi, ambako pasta ndiye aliyelisoma.

"Nitalitaja mimi," nikamwambia.

"Wewe ni mtoto wake. Tangu lini ukamwita baba yako kwa jina?"

"Basi dada alitaje."

"Naye si mtoto wake?"

Dada alikuwa ametusikia. Sauti yake ilifika ikiwa imechoka kabisa. "Mama, kama ni ngumu, acha. Tutangoja tu."

Mama alikaza kitambaa chake kichwani. Akainua mkono wa simu, spika ikazimika, akaushika kwa mikono miwili na kunigeuzia mgongo. Akalitaja. Hakulitaja kama alivyotaja yale mengine. Alilisema chini chini, kwa sauti ambayo yeye mama aliitumia baba alipoingia kutoka zamu, akimwambia maji ya kuoga yako tayari. Akangoja. Akalitaja mara ya pili, na safari hii sauti ilimtoka vizuri, kana kwamba amekuwa akilitumia miaka yote.

Kilio kilichokuwa kikivuja kwenye mkono wa simu kikakatika. Nikadhani laini imekatika, nikafungua mdomo kusema hivyo, naye bila kugeuka akainua kiganja kunizuia. Nikameza mate. Nikameza tena. Kisha mabega ya mama yakashuka, akawasha spika nami nisikie.

"Amenyamaza," dada alikuwa akinong'ona. "Mama, ananiangalia. Amefungua macho ananiangalia tu." Halafu akasema, "Msikate."

Hatukukata. Mama aliketi, nami nikaketi sakafuni karibu na stuli. Tulimsikia mtoto akipumua, kwa kukwama kwama kwanza, kisha sawasawa. Baadaye pumzi ya pili ikaungana na yake, ndefu na nzito, na tukajua dada naye amelala, pengine ameketi, simu iko mapajani. Mimi, niliyegombana na mama kwa dakika moja, niliziacha zote zipite hivyo hivyo, kwa furaha.

Mwisho mwanamke wa kadi akaingia, kwa ile sauti yake ya kiofisi, kutuarifu kwamba tumebakiwa na dakika moja. Mama aliinamia simu na kuiziba kwa kiganja chake.

"Punguza sauti, mama," alimwambia. "Wamelala."