Siku Niliyompandisha Mama Ghorofani

Mtu akiniuliza wapi pazuri pa kuuona mji wa Kakamega mzima kwa mara moja, huwa namtuma Lirhanda. Ni kilima karibu na Isecheno. Unapanda na kiongozi wa msitu, unafika juu ukihema, unaona miti mpaka macho yachoke. Mgeni hurudi akinishukuru, wala hajui kwamba nimemdanganya, maana pale juu unaona msitu tu. Wengine nawatuma kwenye jiwe la Ilesi, lile linalotiririsha maji kama linalia, nao hunishukuru vilevile. Mahali penyewe napajua na sipataji. Ni juu ya ghorofa moja nyuma ya soko, na sijakanyaga huko tangu baba afariki.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, mahafali na watoto wanaobatizwa. Miaka michache iliyopita maharusi walianza kutaka picha za juu, mji ukiwa umetandazwa nyuma yao, nami sina droni. Basi nikaanza kutafuta mapaa. Nilipanda kila jengo lenye ngazi na bawabu mwenye roho nzuri. Moja lilikuwa refu kweli, lakini matangi ya maji yaliziba upande wote wa mashariki. Jingine lilikuwa na nyaya za stima mbele ya uso. Kwenye mnara wa kanisa fulani katekista alinifukuza, akasema kengele si kitu cha kuchezea. Ndipo nikalipata hili la nyuma ya soko: orofa nne, juu saruji tupu, kamba za kuanikia nguo za wapangaji, na bawabu ambaye hakutaka kitu ila apigwe picha na itumiwe mke wake. Kutoka pale niliyaona mabati yote ya Kakamega, mapya na yenye kutu, mnara wa msikiti, barabara ya Kisumu ikienda zake, na huko mbali msitu kama mstari mweusi, na nyuma yake milima ya Nandi. Saa tatu asubuhi, kabla mvua ya mchana haijaanza kujikusanya, hakuna mahali panapopafikia. Nilijivuna kana kwamba mji nimeujenga mimi.

Mama yangu hakuwa amewahi kupanda popote. Kwetu Iguhu mwanamke hapandi juu ya nyumba mumewe akiwa hai. Wanasema akipanda amemzika, amejitangaza mjane kabla ya siku yake. Nilipokuwa darasa la nne bati la jikoni lilitoboka. Baba alikuwa mbali, kwenye kiwanda cha sukari, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Ngazi ilikuwepo, nyundo ilikuwepo, na mama alijua kupiga msumari kumshinda baba. Aliweka beseni tatu chini akangoja. Tulikula obusuma, ugali wetu, na mboga huku matone yakigonga, naye akizisogeza beseni kwa mguu. Nilimwona mjinga. Nilimwomba Mungu nisije nikawa mwanamke wa namna ile, na leo nikikumbuka ombi hilo uso unaniwaka.

Jumamosi moja mama alikuja mjini kumchukulia baba dawa za presha. Presha ilikuwa imemsumbua baba miaka mingi, na kumeza dawa kwake kulikuwa jambo la kubembelezwa. Nilimwambia mama aje nimwonyeshe kitu. Alinifuata bila maswali mpaka orofa ya tatu, hapo akasimama.

"Huko juu kuna nini?"

"Pa kuanika nguo tu, mama."

"Ni juu ya nyumba?"

"Ni ghorofa. Nyumba ya baba si ile ya Iguhu?"

"Mimi sipandangi. Wewe unajua."

Nilikasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kuitwa mara mbili. Nikamwambia, "Ulingoja beseni tatu zijae. Sasa utangoja mpaka lini?"

Aliniangalia. Sijui alikuwa akijua kwamba bado nazikumbuka zile beseni. Kisha akainama, akavua viatu, akavishika mkononi, akapanda ngazi zilizobaki pekupeku, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Juu alinishika mkono kwa nguvu, halafu akauachilia. Akapita katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Akaangalia chini, akacheka. "Kumbe mji wenyewe ni huu tu! Na vile unavyotuhangaisha." Alizunguka pande zote, akiuliza hili jengo ni gani, lile ni gani, mpaka akafika upande wa Navakholo. Huko ndiko alikozaliwa, na mama yake amezikwa huko. Tangu mazishi hayo hakuwa amerudi. "Kwetu kule," akasema, akanyoosha kidole, kisha akapunga mkono kidogo na mara akaona haya. Hapo ndipo nilipompiga picha. Kitambaa kimeteleza nyuma, viatu mkono mmoja, kidole kwenye mawingu, mdomo wazi mpaka lile pengo la jino analolificha kwa kiganja siku zote linaonekana. Nimewaambia watu wengi watabasamu, wakatabasamu. Hakuna aliyewahi kucheka vile mbele ya kamera yangu.

Tulipokuwa tunashuka akasema, "Baba yako asijue."

"Nani atamwambia?" nikamjibu.

Nilimwambia mimi. Jumapili iliyofuata nilimkuta baba nje ya nyumba, redio pajani, nikampa simu aone. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilitaka aisifu kazi yangu, hilo ni kweli. Lakini pia nilitaka kumwonyesha: mkeo amepanda, na wewe hapo umekaa, mzima. Nilitaka kulipiza zile beseni.

"Hapo ni juu ya nini?" akauliza.

"Ghorofa ya mjini, baba."

Alikaa na ile simu mpaka kioo kikazima. Nikakiwasha tena.

"Anacheka," akasema, akanirudishia.

Mwezi haukuisha. Alianguka karibu na zizi akiwapelekea ng'ombe majani, na walipomfikisha hospitalini alikuwa ameshakwenda. Daktari alikuwa amemwonya tangu zamani. Paa halikumuua baba yangu. Naliandika hili wazi kwa sababu siku ile lilipofaa kusemwa, sikulisema.

Siku ya tatu baada ya mazishi watu wa ukoo walikaa pamoja kunyolewa nywele na kuzungumzia kifo, kama desturi. Mama alikuwa chini kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nazunguka na kamera, maana hata msibani mpiga picha wa familia hapumziki. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akasimama.

"Huyu wifi alipanda juu ndugu yangu akiwa bado anapumua," akasema. "Mimi sisemangi uongo. Ndugu yangu mwenyewe aliniambia, aliona kwa simu."

Akamgeukia mama. "Nani alikupandisha?"

Kila mtu pale alijua nani hushika kamera katika familia ile. Walikuwa wananingoja mimi. Shangazi mwenyewe alikuwa akiniangalia. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, si mtoto, na nilikuwa na mdomo mkubwa unaojulikana boma zima. Nikakaa kimya kama maji mtungini. Nikajifanya narekebisha lenzi.

"Nilijipandisha," mama akasema.

"Ulitaka nini huko?"

"Kuona kwetu."

Alisema hivyo mbele ya watu wa mumewe, siku tatu baada ya kumzika. Hakuna mke anayesema hivyo. Akina mama walitazamana. Kukachinjwa kondoo wa kutakasa, wazee wakasema yameisha, lakini yaliisha midomoni tu. Mpaka leo kuna nyumba mbili katika boma letu ambazo haziwezi kula chakula kilichopikwa na mama. Shangazi akija, huja na chai yake kwenye chupa.

Siku ile, kabla vyombo havijaoshwa, nilienda nyuma ya migomba nikaifuta ile picha kwenye simu. Jioni nikarudi mjini nikaifuta na kwenye kompyuta. Nilijiambia namkinga mama, ushahidi usionekane. Ushahidi gani, na yeye ameshakiri kosa langu? Nilikuwa najikinga mimi.

Mwezi uliopita nilifika nyumbani mchana nikakuta ngazi imeegemezwa jikoni. Mama alikuwa juu ya bati, miguu pekupeku, misumari mdomoni.

"Mama! Watu watasema."

Akaitoa misumari. "Si walishasema? Shika ngazi vizuri."

Nikashika. Akapiga msumari mmoja, wa pili, akatulia. Kutoka chini niliona nyayo zake tu na pindo la gauni.

"Ile picha yangu unayo?" akauliza.

Nikaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Ulimwonyesha baba yako, mimi hukunionyesha. Aliniambia ile jioni. Nikaogopa, nikajua leo ni vita. Akasema hajawahi kuniona nikicheka hivyo. Akasema presha ikitulia, umpandishe na yeye, tusimame wote." Akachukua msumari mwingine. "Sasa huwa najaribu kukumbuka nilikaa aje, nashindwa. Niletee niione tu."

Niliwahi kufikiri siku ikifika ya kusema ukweli nitaujua, na kwamba nitausema. Ngazi ilikuwa mikononi mwangu, hapakuwa na shangazi, hapakuwa na wazee, tulikuwa sisi wawili na kuku.

"Iko, mama," nikasema. "Nitakuletea."

"Haya," akasema. Akaendelea kugonga, na mimi nikaendelea kushika ngazi.